Panda katika chekechea zetu: aje, lakini asije peke yake

Katika madarasa mengi ya chekechea huku Mombasa bara, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, ukutani haikosekani karatasi ya alfabeti ya Kiingereza yenye picha za rangi. Herufi A ina tofaa, tunda ambalo mtoto wa Mtongwe hulionja kwa nadra. Herufi I ina nyumba ya barafu. Na herufi P, aghalabu, ina mnyama mnene, mweusi na mweupe, aliyekaa kitako kama mtu akitafuna majani. Mnyama huyo ni panda. Mwituni hapatikani Kenya wala popote pengine katika bara la Afrika, na hata jamaa zake dubu hawamo katika misitu yetu. Hata hivyo, mtoto wa miaka minne anayesoma Changamwe atamtaja panda kabla ya kumtaja mnyama mwingine yeyote wa Pwani.

Jambo hili limezua mabishano miongoni mwa walimu ninaokutana nao, na mabishano hayo yana kambi mbili. Wapo wanaoudhika. Hao husema kwamba panda ni mgeni asiye na kazi kwetu, aondolewe, na P ibaki ya punda. Wapo pia wanaojibu kwamba dunia imekuwa ndogo, mtoto ana haki ya kuijua yote, na kwamba chuki dhidi ya picha ya panda ni uzalendo wa bei rahisi. Mimi siko katika kambi yoyote kati ya hizo, ingawa nikilazimishwa kuchagua nitasogea karibu na ile ya pili. Sioni dhambi yoyote kumfundisha mtoto mdogo habari za panda. Kinachonisumbua ni maswali mawili ambayo kambi zote mbili zimeyaruka: mtoto huyo anakutana na panda kwa lugha gani, na panda anapoingia darasani anawakuta wanyama gani wengine wamekwisha kaa?

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Neno lenyewe, panda, ni mtego katika sikio la mtoto wa Kiswahili. Muda si mrefu uliopita nilikuwa katika chekechea moja ya Likoni nikimtazama mwanafunzi wa ualimu akifundisha. Alinyoosha fimbo kwenye picha, akasema neno, watoto wakaitikia. Kisha akamnyoshea kidole mvulana wa mbele na kumwambia kwa sauti kali, "Panda!" Mvulana akasita kidogo, akamtazama mwalimu, halafu akapanda juu ya benchi. Darasa zima likaangua kicheko, na mtoto akaamrishwa kushuka. Nami niliandika katika daftari langu kwamba mvulana yule ndiye peke yake aliyekuwa amesikiliza maana. Wenzake waliitikia sauti tu. Yeye aliambiwa apande, akapanda.

Kwa mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili, panda ni kitenzi kabla ya kuwa chochote kingine. Baba yake hupanda feri, mama yake hupanda mchicha nyuma ya nyumba, naye mwenyewe hupanda mwembe wa jirani na kupigiwa kelele. Panda tena ni jina: ni pale tawi linapogawanyika mara mbili, ni kile kijiti cha kutengenezea manati, na ndiyo iliyotupa njia panda. Zamani panda ilikuwa pia pembe ya kupulizwa. Mwalimu anayeleta mnyama mpya mwenye jina hilohilo bila kusema neno lolote juu ya hayo anampa mtoto fumbo na kumnyima ufunguo wake.

Na ufunguo upo, tena mtoto anao kinywani tayari. Ni upatanisho. Tunasema "panda huyu amekula", lakini "panda hii imevunjika". Mtoto wa miaka minne wa Likoni hawezi kukueleza ngeli ni nini, lakini ukimwambia "panda hii inakula majani" atakutazama kwa mashaka, kwa sababu masikio yake yanamwambia kwamba kitu chenye uhai hakisemwi hivyo. Mwalimu angetumia dakika tano tu. Angesema: "Panda huyu amepanda mti, sasa amelala kwenye panda ya mti." Watoto wangecheka, wangelirudia, na siku hiyohiyo wangekuwa wamejifunza mnyama mmoja, maana tatu za neno moja na kanuni muhimu ya lugha yao, bila kuambiwa kwamba wanafundishwa sarufi. Isitoshe, sentensi ile ni ya kweli. Panda hupanda miti, hasa akiwa mdogo, na hulala huko juu.

Kwa hiyo siungi mkono jitihada za wale wanaotaka tumbunie mnyama huyu jina jipya la Kiswahili. Nimesikia mapendekezo kadhaa na yote yalikuwa mazito kuliko mnyama mwenyewe. Wachina humwita kwa jina linalomaanisha dubu-paka mkubwa. Wazungu nao walilitumia jina la panda kwanza kwa mnyama mwingine mdogo, mwekundu, ambaye si dubu kabisa, naye alielezwa kisayansi mwaka 1825. Yule mkubwa alifika katika vitabu vyao mwaka 1869 kwa mkono wa padri Mfaransa, Armand David, na baadaye akarithi jina la mdogo. Basi hata huko alikotujia jina hili lilikuwa la kuazima. Sisi tuliazime, tulipe ngeli ya A-WA, tuendelee na mambo mengine.

Sasa mwalimu atasema nini juu ya panda baada ya jina? Hapa ndipo karatasi ya ukutani inapomwacha mkono, kwa maana haina ila picha. Amwambie mtoto kwamba panda anaishi katika misitu ya milimani nchini China, katika majimbo ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, na kwamba chakula chake karibu chote ni mianzi. Mtoto wa mvuvi wa Likoni anaijua mianzi: huipasua babake akasuka dema la kutegea samaki. Kwa hiyo amwambie: mnyama huyu anakula kile ambacho baba anafanyia dema, tena anakula kwa zaidi ya saa kumi kila siku, kwa sababu tumbo lake ni la mnyama wa kula nyama na halipati nguvu nyingi kutoka kwenye mianzi. Amwambie kwamba katika kiganja cha panda, mbali na vidole vyake, kuna mfupa wa kifundo uliokua ukawa kama kidole gumba, ndio unaomwezesha kushika mwanzi kama mtu anavyoshika muwa. Kisha watoto wajaribu kushika kalamu bila kutumia gumba. Amwambie kwamba mtoto wa panda huzaliwa akiwa na uzito wa gramu 100 hivi, kama embe dogo la kuokota, ilhali mama yake hupita kilo 80, wakati mwingine hata 100. Sijaona mtoto ambaye hakushangazwa na hilo.

Watoto wakubwa kidogo wanaweza kuelezwa pia kwamba mnyama huyu alikaribia kutoweka kwa sababu misitu yake ilikatwa na yeye mwenyewe akawindwa. Kwamba hesabu ya kitaifa iliyotangazwa na China mwaka 2015 ilipata panda 1,864 mwituni. Na kwamba mwaka 2016 shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile lilimtoa katika orodha ya walio hatarini kutoweka na kumweka daraja moja chini yake, miongoni mwa walio katika hali dhaifu. Hiyo ni habari njema, na watoto wetu hawasikii habari njema nyingi kuhusu wanyamapori.

Wenye ndugu zao wanaofanya kazi katika Ghuba wana kisa cha ziada. Mwezi wa Oktoba 2022, nchi ya Qatar ilipokea panda wawili kutoka China, nao wakapewa majina ya Kiarabu: Suhail na Thuraya. Wazee wa Pwani hawahitaji tafsiri. Suhail ndiyo nyota ya Suheli, iliyowapa mabaharia wetu jina la upande wa kusini, na Thuraya ni kile kikundi cha nyota tukiitacho Kilimia, ambacho wakulima walikitazama kujua majira ya kulima. Panda kutoka milima ya China anaitwa kwa nyota ambazo nahodha wa jahazi la Mombasa alizifuata usiku. Mwalimu akitaka kuufunga ulimwengu kwa uzi mmoja, uzi ni huo.

Wala si mara ya kwanza kwa wanyama kuvuka bahari hii ili kufunzwa kwa watu wasiowajua. Mwaka 1414 mfalme wa Bengali alimpelekea mfalme Yongle wa China twiga aliyekuwa ametoka pwani yetu, na mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi wenyewe wakawasili huko na twiga mwingine. Wachina hawakuwa na neno la twiga. Walimwita qilin, jina la mnyama wa ngano zao, mnyama wa heri anayetokea pakiwa na utawala mwema. Wapo wataalamu walioliona jina hilo kuwa karibu na neno la Kisomali la twiga, geri, na kudhani kwamba ufanano wa sauti ulirahisisha mambo. Iwe iwavyo, wenyeji wale walimpokea mgeni kwa kumkalisha katika nafasi waliyokwisha kuwa nayo katika lugha na hadithi zao. Lakini mchoraji wao alipomchora, alimchora twiga: shingo ndefu, madoa, na mlinzi wake ameshika kamba. Jina lilikuwa la nyumbani na picha ikawa ya kweli. Sijui njia bora kuliko hiyo ya kumfundisha mtoto mnyama wa mbali.

Wahenga wetu nao waliifuata. Kile kisa cha kima na papa, ambapo papa anamdanganya kima apande mgongoni ili moyo wake ukawe dawa, naye kima anajiokoa kwa kusema ameuacha moyo wake mtini, watoto wa Pwani hukisikia kwa bibi zao kama kwamba kilitokea Shelly. Askofu Edward Steere alikichapisha katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili mwaka 1870. Asili yake, hata hivyo, ni India, na katika masimulizi mashuhuri ya huko anayemdanganya kima ni mamba wa mtoni. Hadithi ilipovuka bahari na kufika kwa watu wa pwani, mamba aliachwa mtoni na papa akaingia mahali pake. Hakuna kamati iliyoketi kuamua hivyo. Msimulizi alijua tu kwamba mtoto aliye mbele yake anamwogopa papa.

Nasema haya ili ndugu zetu wa kambi ya kwanza waelewe kwamba kuwapokea wanyama wa mbali ni desturi yetu ya kale. Tatizo la panda wa ukutani si kwamba ni mgeni. Tatizo ni kwamba hakupokewa na mwenyeji yeyote.

Wenyeji ni nani? Twende Bamburi, upande wa Kisauni. Pale palikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe ambalo hata magugu yalilikimbia. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizomudu, na mmojawapo ulikuwa mvinje. Lakini majani ya mvinje, yaliyo kama sindano, yalidondoka yakalala chini bila kuoza, na bila kuoza hapana udongo. Aliyemtatulia tatizo hilo alikuwa jongoo. Haller aliwaona majongoo wakiyala majani yale, akawaleta kwa wingi, nao wakayageuza kuwa mbolea, na mbolea ikawa udongo, na udongo ukaotesha msitu. Leo pale pana miti mikubwa, viboko, twiga, mamba na ndege. Jongoo huyohuyo ndiye mtoto wa Kisauni humwona kila masika akipita kama garimoshi jekundu na jeusi ukutani mwa nyumba yao, na ambaye, nasikitika kusema, hufundishwa kumkanyaga.

Na ni pale Bamburi kilipotokea kisa ambacho kilimfika mtoto wa Chicago kabla ya kumfika mtoto wa Mtopanga. Mwezi wa Desemba 2004 mafuriko ya mto Sabaki yaliwasomba viboko hadi baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 ya mwezi huo mawimbi makubwa ya tsunami yalipopiga, ndama mmoja alibaki peke yake kwenye mwamba. Kesho yake wavuvi na wakazi walimwokoa kwa nyavu za kuvulia papa, kwa taabu kubwa, kwani ndama huyo wa mwaka mmoja hivi alikuwa na uzito wa takriban kilo 270. Alipewa jina la Owen, la mmoja wa waokoaji wake, akapelekwa Bamburi. Huko alimkimbilia kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, jina lake Mzee. Mzee hakufurahi mwanzoni. Baada ya siku chache walikuwa wakila pamoja, wakilala pamoja, wakisukumana kwa pua kuonyeshana njia. Dakta Paula Kahumbu, mwanaikolojia Mkenya aliyekuwa akisimamia hifadhi hiyo wakati huo, alishirikiana na Mmarekani mmoja na bintiye mdogo kukiandika kisa hicho kwa ajili ya watoto, na kitabu kikachapishwa Marekani mwaka 2006, na cha pili mwaka 2007. Kilipendwa mno ulimwenguni.

Hebu tutafakari jambo hilo. Katika kitabu kile, jina la kobe ni la Kiswahili. Mahali ni Bamburi. Nyavu ni za wavuvi wetu. Na bado katika chekechea nilizozitembelea Kisauni, umbali wa mwendo wa matatu tu kutoka hapo, sikukuta hata moja ambamo mwalimu alikisimulia kisa hicho kwa Kiswahili kama kisa cha mtaa wao. Waliokijua walikijua kwa Kiingereza, kama jambo la watalii. Kiingilio cha hifadhi na nauli ni kikwazo, najua. Kupeleka watoto 40 si mchezo kwa shule ambayo haina hata mabenchi ya kutosha. Kusimulia, hata hivyo, hakutozwi kiingilio.

Kisa hicho nacho kina mtego wake wa lugha, tena mkali kuliko wa panda. Owen ni kiboko. Katika shule zetu kiboko kwa muda mrefu kilikuwa kitu cha kumchapia mtoto, na jina lilitoka kwenye ngozi ya mnyama huyo iliyokatwa ikafanywa mjeledi. Kiboko shuleni kilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, lakini neno halikupigwa marufuku, na watoto hulijua. Mwalimu akisema "leo nitawaletea kiboko", asishangae wakinywea. Tena upatanisho utamwokoa: nitawaletea kiboko anayependa kobe. Wasikie "anayependa" na mabega yao yatashuka.

Lakini aliye na haki kubwa kuliko wote ya kusimama karibu na panda kwenye ukuta wa chekechea ya Likoni ni mwingine, na nina yakini wasomaji wangu wengi hawajawahi kumtaja. Ni palahala. Vuka feri, pita Likoni, panda milima kuelekea Kwale, utafika Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968. Katika Kenya nzima, hapo tu ndipo palahala anapoishi mwituni. Dume lake ni jeusi kama makaa, tumbo jeupe, uso una michirizi myeupe, na pembe zake zimepinda nyuma kama jambia mbili. Mweusi na mweupe, adimu, anayeishi katika vilima vichache na si pengine: je, sifa hizo si za panda? Na kama vile misitu ya panda inavyowahifadhi viumbe wengine wasio na umaarufu wake, ndivyo vilima vya palahala vinavyohifadhi chemchemi za Marere, ambazo kwa miaka mingi zimepeleka maji Mombasa. Watoto wengi wa mji huu wamekunywa maji ya nyumbani kwa palahala.

Niliwauliza wanafunzi wangu wa ualimu, watu wazima waliofaulu mitihani, palahala ni nini. Darasa lilinyamaza. Mmoja alikisia kwamba ni aina ya mbu. Msichana mmoja kutoka Kwale ndiye aliyeinua mkono, naye alisema kwa haya, kama anayetoa siri ya ukoo, kwamba babu yake alikuwa akimtaja. Wote walimjua panda.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi kama mwanaisimu. Neno halifi siku mzungumzaji wake wa mwisho anapozikwa. Hufa mapema zaidi, siku watu wanapoacha kulihitaji mbele ya mtoto. Tazama tulivyowafanya wanyama wa mitini. Kiswahili kina nyani, kina tumbili, kina kima, kina mbega, kina komba, na kila mmoja ni mnyama wake. Mbega wa Diani, mwenye mabega meupe yanayoning'inia, hafanani na nyani hata kidogo. Lakini kwa kuwa karatasi ya Kiingereza ina picha moja na neno moja, mwalimu hutafsiri "nyani", na hapo majina manne hufukuzwa darasani kwa pigo moja. Mtoto aliyetoka nyumbani akijua kwamba tumbili ndiye huiba ndizi na komba ndiye hulia usiku kama mtoto mchanga anarudi nyumbani akijua kidogo kuliko alivyokuja. Nayo tunaiita elimu ya mazingira!

Na mnyama asiye na jina ni rahisi kumpoteza. China haikuweza kuwaomba watu wake wamlinde "mnyama fulani wa milimani". Ilikuwa na jina, na picha, na kila mtoto wa shule alilijua. Sisi tutawaombaje raia wa Likoni wa mwaka 2040 walinde vilima vya Shimba kwa ajili ya mnyama ambaye hata walimu wao hawakumtaja?

Nitajibiwa kwamba lugha ya kufundishia ndiyo kikwazo. Si kweli, angalau si kwa mujibu wa sera. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, msimamo umekuwa kwamba miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 haukuutupa msimamo huo. Katika Mombasa lugha hiyo ni Kiswahili. Elimu ya chekechea nayo, kwa Katiba ya 2010, iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hatuna sababu ya kungoja vitabu vya Nairobi. Kikwazo halisi ni mzazi anayelipa karo ili amsikie mwanawe akisema Kiingereza ifikapo Ijumaa, na mwenye shule anayemwogopa mzazi huyo. Simlaumu mzazi, anaona ni nani wanaoajiriwa bandarini. Ningependa tu ajue kwamba mtoto anayemwelewa panda kwa Kiswahili hatashindwa kumtaja kwa Kiingereza, hasa kwa kuwa jina ni lilelile.

Wachapishaji wanaweza kutuuzia karatasi bora, na wangefanya vyema. Lakini walimu wa bara ya Mombasa hawahitaji kuwasubiri. Chukua gunia la sukari, lifumue, lioshe, litandike. Andika P kubwa juu. Halafu uwaulize watoto wenyewe, na ujiandae, maana P katika Kiswahili cha Pwani imejaa pomoni: papa, pweza, pomboo, pono, punda, popo, panya, paka, panzi. Watakuletea wote hao kabla ya kengele, na wataanza kubishana kama pono ana meno. Waache wabishane. Katikati mchore panda upande mmoja na palahala upande wa pili, watazamane. Wote wawili huhitaji rangi mbili tu, mkaa na chokaa. Wanafunzi wangu watakaokwenda Changamwe kwa mazoezi muhula ujao nimewaambia kila mmoja aje na gunia lake.